Sura ya Nne: Aibu ya Mti

Puteoli ulikuwa mji wa bandari kusini mwa Italia, jirani na Napoli ya leo, mji wa mizigo na matajiri. Kazi ya kuzika wafu wake ilitolewa kwa kandarasi, na masharti ya kandarasi hiyo yalichongwa kwenye jiwe ambalo sehemu yake imesalia mpaka leo. Ukiyasoma unaweza kudhani ni tangazo la zabuni la halmashauri yoyote. Vibarua wasiwe chini ya miaka 20 wala zaidi ya 50. Wasiwe na vidonda, wasiwe chongo, wasiwe viwete. Wasikae ndani ya mji. Wasioge kabla ya saa moja ya usiku (Warumi nao walihesabu saa kama sisi, tangu jua linapozama). Wakiingia mjini kikazi, wavae kofia ya rangi ili watu wawatambue.

Halafu, katikati ya habari hizo za maziko, linaingia jambo jingine bila hata kubadilisha sauti. Mtu binafsi akitaka mtumwa wake asulubiwe, mkandarasi atatoa nguzo, minyororo, kamba, na watu wa kuchapa viboko. Mwenye mtumwa atalipa sesterse 4 kwa kila kibarua: abebaye boriti, achapaye, na atundikaye. Adhabu ikiwa imeamriwa na hakimu wa mji, mkandarasi asidai kitu. Misalaba, misumari, lami, nta na mishumaa ni juu yake.

Ni katika bandari hiyohiyo Mtume Paulo alishuka melini akiwa mfungwa, mwaka wa 60 au karibu na hapo. Matendo ya Mitume yanasema aliwakuta ndugu pale, wakamsihi akae nao, akakaa siku saba. Hao ndugu walikuwa wakaazi wa mji ambamo kumsulubisha mtumwa kulikuwa na bei yake, kama kutengeneza paa. Na habari waliyoiamini ni kwamba Mwana wa Mungu alikufa kifo hicho hasa, cha sesterse nne nne.

Nimeanza na jiwe la Puteoli kwa sababu sisi tumezaliwa tukaukuta msalaba umekwisha kusafishwa. Tunauona juu ya mnara wa kanisa, kwenye kitenge cha wanawake wa umoja wa kanisa, kwenye mkufu wa dhahabu wa Kariakoo, nyuma ya daladala. Mhubiri anaposema kwamba msalaba unaudhi watu, tunadhani anawasema wapagani au wapinzani wa dini. Hatuoni kwamba kuna kitu pale cha kumuudhi mtu mwenye akili timamu na tabia njema. Kipo. Na nitasema katika sura hii kwamba wanaoudhika mara nyingi wameuelewa msalaba vizuri kuliko sisi tunaouvaa.

Tuanze na Warumi wenyewe. Mwaka wa 63 kabla ya Kristo, Cicero alisimama kumtetea seneta mmoja aliyeitwa Rabirius, akasema kwamba hata jina la msalaba lisikaribie mawazo, macho wala masikio ya raia wa Rumi, sembuse mwili wake. Miaka saba kabla ya hapo alikuwa amemshtaki Verres, gavana wa Sicilia, na kati ya makosa yote ya wizi na rushwa, lile alilolihifadhi kwa ajili ya kilele cha mashtaka yake lilikuwa la raia mmoja aitwaye Gavius. Verres alimsulubisha Messina, ufukweni, akiwa ameelekezwa upande wa Italia, ili afe huku anaiangalia nchi yake ng'ambo ya mlango wa bahari. Jambo lililomchoma Cicero halikuwa maumivu ya Gavius. Kilichomchoma ni kwamba raia alifanywa kama mtumwa. Mwaka mmoja tu kabla ya kesi hiyo, jeshi la Crassus lilikuwa limewatundika watumwa 6,000 wa uasi wa Spartacus kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua hadi Roma, umbali wa kilomita 200 hivi. Cicero hakuwalilia hao. Kwa ajili ya hao ndiyo msalaba ulikuwepo.

Kwa hiyo lengo la adhabu ile lilikuwa kumvua mtu heshima yote aliyonayo, mbele za watu, polepole, mpaka asibaki na kitu cha kukumbukwa. Uchi, njiani, chini ya midomo ya wapita njia, na mara nyingi bila kaburi. Maumivu yalikuwa makali mno, lakini maumivu ni sehemu tu. Angalia jinsi Injili zenyewe zinavyosimulia. Tendo lenyewe la kusulubisha limesemwa kwa maneno machache, likapita. Lakini joho la mzaha limeelezwa, na taji la miiba, na mwanzi mkononi kana kwamba ni fimbo ya kifalme, na kupigia magoti, na kutema mate, na kibao, na askari wanaopigia kura nguo zake, na watu wanaotikisa vichwa wakipita. Filamu ya Mel Gibson ya mwaka 2004, ile inayooneshwa kwenye mabanda ya video kila Pasaka, inahesabu mijeledi na damu. Wainjili wanahesabu dharau. Walijua wasomaji wao wangeshtuka wapi.

Sasa mpeleke Paulo Korintho na habari hiyo. Mji huo ulikuwa umebomolewa na Warumi mwaka wa 146 kabla ya Kristo, ukajengwa upya na Julius Caesar mwaka wa 44 kabla ya Kristo vilevile, na wengi wa walowezi wake walikuwa watumwa walioachwa huru. Watu wa namna hii nadhani tunawafahamu. Baba alikuwa hana jina, mtoto amepata pesa, sasa anataka jina. Katika magofu ya Korintho kuna maandishi ya mmoja wao, Gnaeus Babbius Philinus. Hataji jina la baba yake, ndiyo maana wataalamu wengi wanaona huenda alikuwa mtumwa wa zamani. Anatangaza kwamba alijenga mnara kwa gharama zake mwenyewe alipokuwa ofisa wa mji, kisha akaukagua na kuupitisha yeye mwenyewe alipopanda cheo. Alijenga, akajikagulia, akajipitisha, na kwa kuogopa pengine mtu asingeona, akaandika jina lake zaidi ya mara moja.

Mwambie Babbius kwamba Mungu amekuja, na amekufa kifo cha mtumwa. Maisha yake yote ameyatumia kukimbia kitu kimoja, na wewe unamwambia arudi kukisujudia. Paulo anapowaandikia Wakorintho, mwaka wa 55 hivi, kwamba habari ya msalaba ni upuzi kwa Wayunani, mara nyingi tunafikiri ugumu wao ulikuwa wa kifalsafa, kwamba akili zao zilishindwa kupokea fumbo. Sidhani. Wayunani hawakukosa hadithi za miungu waliokufa. Ugumu ulikuwa ni nani aliyekufa, na alikufa kama nani.

Wayahudi walikuwa na sababu nyingine, na inastahili kusikilizwa kwa heshima kuliko wahubiri wetu wanavyoisikiliza. Wao hawakuujua msalaba kwa kusimuliwa. Alipokufa Herode, mwaka wa 4 kabla ya Kristo, gavana Varus alizima machafuko kwa kuwasulubisha watu wapatao 2,000. Yesu alikuwa mtoto mchanga au karibu na hapo. Mwaka wa 70 baada ya Kristo, Yerusalemu ilipozingirwa, mwanahistoria Josephus anasema watoro waliokamatwa walitundikwa mbele ya kuta, siku nyingine mia tano au zaidi, askari wakiwapigilia kwa mikao mbalimbali kwa kujifurahisha, mpaka miti ikapungua. Mwaka 1968 kaburi lilifunguliwa kaskazini mwa Yerusalemu, na ndani ya sanduku la mifupa lenye jina la Yehohanani ukakutwa mfupa wa kisigino ambao msumari ulikuwa bado umepita ndani yake. Ncha ya msumari ilikuwa imejikunja, labda kwa kugonga kifundo cha mti, kwa hiyo waliomshusha hawakuweza kuung'oa. Wakamzika nao.

Kwa watu wenye jamaa kama Yehohanani, Masihi aliyesulubiwa alikuwa Masihi aliyeshindwa. Warumi walikuwa wameshinda tena, basi. Juu ya hilo kulikuwa na Torati, Kumbukumbu sura ya 21, inayosema aliyetundikwa mtini amelaaniwa na Mungu. Katika karne ya pili Justin Mfiadini aliandika majadiliano yake na Myahudi aitwaye Trypho, na Trypho katika maandishi hayo anakubali mengi kwa upole. Anakubali kwamba Maandiko yanazungumzia Masihi atakayeteseka. Anapofika msalabani anakataa kwenda mbele: kuteseka, sawa, lakini afe kifo ambacho Torati imekilaani? Paulo naye aliliona tatizo hilo hilo, na hakulikwepa. Aliwaandikia Wagalatia kwamba ndiyo, Kristo alifanywa laana, na kwamba hilo ndilo lililotuokoa. Jibu hilo halikupunguza ukali wa swali, lililiongeza.

Na kabla ya Trypho, kabla ya Babbius, wa kwanza kuupinga msalaba alikuwa Petro. Tukumbuke alivyofanya. Dakika chache tu baada ya kumkiri Yesu kuwa Kristo, anamsikia akisema atauawa, anamchukua kando, anamkemea. Kando, si mbele ya watu, kama mtu mwenye adabu anayemwonya mkubwa wake. Kwa nini anakataa? Kwa sababu anampenda. Kwa sababu bwana wake ni mtu wa heshima, na mambo kama hayo hayampati mtu wa heshima ambaye Mungu yuko naye. Akajibiwa kwa ukali kuliko alivyojibiwa Farisayo yeyote. Aliitwa Shetani.

Ndiyo maana nasema Wakristo wa pwani na bara wangesikia vizuri zaidi hoja ya Waislamu kama wangeisikia kwa sauti ya Petro. Qurani, Surat An-Nisaa aya ya 157, inakana kwamba Nabii Issa aliuawa au kusulubiwa. Katika mihadhara ya viwanjani iliyovuma Tanzania tangu miaka ya 1980, nyuma ya vipaza sauti na rundo la Biblia na misahafu mezani, aya hiyo ilitumika kama rungu, na upande wa pili ulijibu kwa rungu lake. Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, ambaye vijitabu vyake viliwapa wahadhiri wengi silaha, aliandika kimoja kizima kuhusu jambo hili tu. Katika kelele hizo hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mimi nilikuja kuulizwa na mzee mmoja Mwislamu, jirani, mtu wa maneno machache, siku tulipokuwa tumekaa barazani kwake tukisubiri umeme urudi.

"Mwalimu," alisema, "wewe una mtu unayemtuma kazi yako, mtu mwaminifu. Adui zake wamemzunguka, wanataka kumvua nguo mbele za watu. Una uwezo wa kumtoa. Utamwacha?"

Nikamwambia sitamwacha.

"Basi na mimi simdhanii Mwenyezi Mungu kwamba alimwacha Nabii Issa."

Hakuwa anamdharau Yesu. Alikuwa anamlindia heshima, na anamlindia Mungu heshima. Petro angekaa naye barazani wakaelewana kabisa. Nilimjibu nilivyojua, kwamba sisi tunaamini Mungu hakumtuma mtu mwingine akavuliwe nguo, alikuja mwenyewe, na mzee akasema Allahu akbar kwa sauti ya mtu aliyesikia jambo la kutisha. Nadhani huo ndio mjadala mzuri zaidi wa dini niliowahi kushiriki, na hapakuwa na aliyeshinda. Umeme ulirudi, tukaingia kuangalia taarifa ya habari.

Lazima pia niseme wazi kwamba kuna chuki dhidi ya msalaba ambayo haikuletwa na msalaba. Ilikuja na waliobeba misalaba. Malindi mpaka leo kuna nguzo ya Vasco da Gama, na juu yake msalaba wa jiwe la chokaa lililotoka Lisbon, wenye nembo ya mfalme wa Ureno. Mombasa kuna ngome iliyoanza kujengwa 1593, ikapewa jina la Yesu, ikajazwa mizinga. Mtoto wa mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akalelewa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala chini ya makapteni waliomdharau. Mwezi Agosti 1631 alimuua kapteni ndani ya ngome, akarudi katika Uislamu, na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa, Wareno na Waafrika pamoja. Waliouawa wanastahili kukumbukwa. Lakini msalaba waliokuwa wameuona watu wa Mombasa kwa miaka ile ulikuwa juu ya bendera ya wanaotoza kodi na kulipua miji. Mpingaji wa msalaba wa namna hiyo hajakwazwa na Paulo. Amekwazwa na mizinga, na Paulo angemwelewa, maana alikufa kwa mkono wa dola.

Kikwazo chenyewe kilifika pwani baadaye, na kilifika kwa njia ileile ya Korintho. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa kutoka jahazi la watumwa. Shule na kanisa la misheni ya Vyuo Vikuu vilianza na hao. Mwaka 1873, soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa, jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa palepale, na mapokeo ya kanisa hilo yanasema altare iko mahali palipokuwa na mti wa kuchapia. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa Chitambo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Watalii hupiga picha hapo, waongoza watalii wana maneno yao tayari, na huruma inajaa chumba.

Lakini jaribu kuona kwa macho ya muungwana wa Mji Mkongwe wa wakati ule, mtu wa kanzu safi na nasaba inayojulikana. Dini hii waumini wake wa kwanza ni mateka, watu wasio na kwao, majina yao ya kuokotwa. Na anayeabudiwa alichapwa kwenye mti kama wao. Muungwana huyo hakuhitaji aya wala mhadhara ili akatae. Uungwana wake ulitosha. Msalaba ulikuwa umemfikia ukiwa na maana yake ya asili, ile ya Puteoli, na akaielewa mara moja.

Kuna pingamizi jingine ambalo halihusu heshima ya ukoo, nalo ndilo ninaloliona gumu kuliko yote. Mwaka 1893 Mohandas Gandhi, wakili kijana, alikuwa Pretoria, na Wakristo wa huko walimpenda wakataka aokoke. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kuhusu ndugu mmoja wa Plymouth Brethren aliyemweleza kwamba juhudi zake za kujirekebisha ni bure, kwamba dhambi haikwepeki, na kwamba Yesu amekwisha kuubeba mzigo wote. Gandhi alimjibu kwamba hatafuti kuokolewa kutoka katika adhabu ya dhambi. Anatafuta kuokolewa kutoka katika dhambi yenyewe, na mpaka afike huko atakubali kukosa raha. Anasema ndugu yule baadaye alionesha kwa matendo yake kwamba alikuwa ameichukua dini yake kama alivyoihubiri: alifanya makosa kwa makusudi na hayakumsumbua.

Hapa anayeudhika ni mtu mwadilifu, na ameudhika kwa sababu ya uadilifu wake. Wahubiri wengi wanamjibu Gandhi haraka kwa kusema alikuwa na kiburi cha matendo mema. Huenda. Lakini alichoonyeshwa Pretoria kilikuwa msalaba usiomgharimu mtu kitu, risiti ya deni lililolipwa na mwingine, na alikuwa na haki ya kuurudisha. Swali ni kama angekutana na watu ambao msalaba uliwavua, je, angesema hivyo hivyo? Sijui, lakini watu wa namna hiyo walikuja kuonekana Afrika Mashariki miaka arobaini baadaye.

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa amechoka na kuvunjika moyo na kazi yake ya Gahini huko Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa familia yenye heshima. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya Gahini katika miaka ya 1930, ulitoka uamsho ambao ulienea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Tanganyika, na ambao wazee wetu wengi wanaujua kwa wimbo mmoja tu, Tukutendereza. Ujumbe wake ulikuwa msalaba, karibu msalaba peke yake. Ila ulihubiriwa kwa namna ambayo ilimlazimu mtu kutaja alichofanya. Mtu aliiba bati za misheni, anasimama anasema, anarudisha bati. Mume anamwomba mkewe msamaha mbele ya watoto. Na jambo lililotikisa makoloni yote: mmisionari Mzungu anasimama mbele ya Waafrika anaungama kwamba amewadharau.

Kila mtu mwenye cheo alikwazika. Wakoloni waliona nidhamu inaporomoka, kwa maana mtumishi wa jikoni aliyeokoka alimwita bwana wake ndugu. Makasisi waliona wanashutumiwa, na walikuwa wanashutumiwa kweli, pengine bila adabu. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao kwa wenzao, akiwemo William Nagenda, mhubiri wa uamsho. Hawakuwa wapagani waliowafukuza. Walikuwa watu wa kanisa wanaoimba kila Ijumaa Kuu.

Kisha Kenya, miaka ya 1950. Wakikuyu wa uamsho walitakiwa kula kiapo cha Mau Mau. Wengi walikataa, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine, na baadhi yao waliuawa kwa hilo. Watu husahau nusu ya pili: wengi wa hao hao walikataa pia bunduki za serikali na kujiunga na Home Guard, kikosi chake cha wenyeji. Kwa hiyo walidharauliwa na wapigania ardhi kama wasaliti na kushukiwa na serikali kama wasioeleweka. Unaweza kusema walikosea kisiasa. Ardhi ilikuwa imeibwa, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini huwezi kusema, kama ndugu wa Pretoria, kwamba msalaba wao haukuwagharimu.

Uamsho huo huo baadaye ulitengeneza ngazi zake mpya za heshima. Ilikuja kuulizwa nani anasuka nywele, nani ana mkopo, nani ameungama kikamilifu. Huko Uganda kundi la Abazukufu, walioamka tena, lilikataza madeni, na ndugu waliolia pamoja wakaacha kusalimiana. Sisemi hivyo kwa kuwasuta. Nasema kwa sababu inaonyesha kwamba upinzani dhidi ya msalaba haufi kwa mtu kuokoka, unahamia ndani na kuvaa suti ya Jumapili. Kuna kanisa ambako mwanamke anayepigwa na mumewe anaambiwa abebe msalaba wake, na anayemwambia hivyo ni mwanamume ambaye hajabeba kitu. Huo ni msalaba wa Verres, unaotundikwa juu ya mwingine.

Na kuna kanisa ambako msalaba umetolewa kimya kimya. Mchungaji wa kanisa moja kubwa jijini, mwenye mafuta ya upako mezani na foleni ya watu hadi barabarani, aliniambia waziwazi nilipomuuliza kwa nini Ijumaa Kuu yao ilikuwa na kichwa cha kupanda viwango.

"Mzee wangu, hawa watu mateso wanayo nyumbani. Kodi, ada, hospitali. Jumapili wanakuja kupumzika na mateso. Mimi nikawape tena maiti mtini?"

Hakuwa tapeli, na anawajua watu wake. Hoja yake ni ya huruma, na ni hoja ya Petro kwa mara nyingine: mambo hayo yasimpate mtu tunayempenda. Lakini anachodhani kuhusu maskini hakilingani na habari tulizonazo. Mwaka wa 178 hivi mwanafalsafa Celsus aliandika kitabu cha kuwakejeli Wakristo, ambacho tunakijua kwa sababu Origen alikijibu karibu miaka sabini baadaye. Celsus anacheka msalaba, na anacheka vilevile aina ya watu wanaoupokea. Wafuma sufu, anasema, washona viatu, wafua nguo, watu wasiosoma, wanawake, watoto, watumwa. Walikuwa watu wa daraja la chini, wengine wao wa jamii ambayo siku za Paulo bwana angeweza kumtundika mtu wake kwa sesterse chache tu, bila kesi. Mateso walikuwa nayo nyumbani zaidi ya mtu yeyote wa foleni ile ya jijini. Na ndugu wa Puteoli, kabla yao, hawakumwomba Paulo awapunguzie habari ya mti. Walimkaribisha akae nao siku saba.